Wasifukazi wa mwanafunzi Nairobi: jinsi ya kuandika ukurasa mmoja unaojibu tangazo la kazi

Yeyote aliyesoma sekondari Kenya amewahi kukutana na wasifukazi (CV), angalau kwenye insha ya Kiswahili. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, dini, uraia, elimu, tajriba, uraibu, warejelewa: ukiyapanga hivyo, mwalimu alikupa alama za muundo. Wanafunzi wengi wa vyuo huubeba muundo ule ule hadi kwa mwajiri wa Westlands au Industrial Area, na hapo ndipo mambo huharibika. Mwajiri hasahihishi insha. Ana rundo la maombi, ana nafasi moja au mbili, na anapekua kila karatasi akitafuta jibu la swali moja: huyu ataiweza kazi niliyotangaza? Dini yako haimjibu. Uraibu wa kusafiri haumjibu.

Basi wasifukazi wa mwanafunzi ni jibu la tangazo, si historia ya maisha. Yote yaliyo hapa chini, kuanzia fonti hadi jina la faili, yanatokana na hilo.

Kuhusu lugha: waajiri wengi wa Nairobi hutangaza kwa Kiingereza na hutarajia kujibiwa kwa Kiingereza. Mifano ya hapa ni ya Kiswahili, lakini mpangilio wake haubadiliki ukiandika kwa lugha nyingine. Kazi yenyewe ikiwa ya Kiswahili, kama vile tafsiri, uhariri au utangazaji, andika kwa Kiswahili kilichopigwa msasa, kwa sababu ukurasa huo ndio sampuli ya kwanza ya kazi yako.

Anza na daftari kuu

Usianze kwa kutafuta kiolezo kizuri mtandaoni. Tenga saa mbili jioni moja, fungua faili tupu kwenye Google Docs, na umwage humo kila ulichofanya tangu umalize kidato cha nne. Faili hili halitumwi kwa mtu. Ni ghala utakalochota kila tangazo linapotoka. Kwa kila jambo andika vitu vitano: mahali, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, ulichofanya kwa mikono yako mwenyewe, na kiasi chake.

Kauli ya “mimi sina tajriba” kwa kawaida si kweli. Mtu hudhani tajriba ni kazi ya ofisini yenye barua ya kuajiriwa, kisha anasahau miezi minne aliyokaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha shangazi yake akisubiri kuingia chuo. Pekua maeneo haya: atachimenti (mafunzo ya kazini ya mwanafunzi), duka au shamba la familia, biashara ya mitumba, keki au vipodozi unayoendesha kwa Instagram na WhatsApp, kufundisha watoto wa jirani hesabu wakati wa likizo, uweka hazina wa kikundi cha vijana kanisani au msikitini, uwakilishi wa darasa, klabu za chuo, kazi ya muda ya ukarani wa uchaguzi, mradi wa mwaka wa mwisho. Hata kuandaa safari ya wanafunzi 30 kwenda Naivasha ni kazi: kuna bajeti, kuna basi, kuna watu waliochelewa kulipa.

Kiasi ndicho kinachosumbua wengi, kwa kuwa hakuna aliyehesabu wakati ule. Rudi kwenye ushahidi. Taarifa yako ya M-Pesa itaonyesha uliuza mara ngapi kwa mwezi. Logibuku ya atachimenti ina kazi za kila siku. Kundi la WhatsApp la darasa lina idadi ya wanachama. Pasipo rekodi, kadiria kwa uangalifu na uandike “takriban”, lakini usiandike tarakimu usiyoweza kuieleza ukiulizwa ana kwa ana.

Soma tangazo na kalamu mkononi

Tuseme duka la jumla la vifaa vya ujenzi linatafuta msaidizi wa hesabu. Tangazo linataka mtu anayejua Excel, anayeweza kuoanisha malipo ya M-Pesa na taarifa ya benki, kuandaa ankara, mwenye kiwango chochote cha CPA (mitihani ya taaluma ya uhasibu), na aliye tayari kufanya kazi Jumamosi. Chapisha tangazo hilo au ulinakili kwenye karatasi, kisha upigie mstari kila sharti. Yapo matano. Kando ya kila sharti, andika ni jambo gani katika daftari lako linalolijibu. Excel: mradi wa takwimu wa mwaka wa pili na rekodi za biashara ya viatu. Kuoanisha malipo: atachimenti. Ankara: hapo huna kitu. CPA: unasubiri matokeo ya KASNEB, bodi inayoitahini. Jumamosi: ndiyo.

Mtu mwenye majibu manne kati ya matano aombe. Usijiondoe kwa sababu ya sharti moja linaloweza kufundishwa kwa wiki mbili. Lakini liko sharti lisilofundishwa kazini, nalo ni leseni inayotakiwa na sheria. Tangazo likitaka muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya au dereva mwenye leseni ya daraja fulani ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na wewe huna, hakuna uandishi wa kukuokoa.

Tumia maneno ya tangazo lenyewe pale yanapokuwa kweli kwako. Wakiandika “kuoanisha malipo”, usiandike “kulinganisha miamala” ili uonekane msomi. Kampuni kubwa hupitisha maombi kwenye programu za kuchuja, na programu hutafuta maneno yaliyotajwa. Hata pale panapochujwa kwa macho, karani anayepanga karatasi huenda si mhasibu, na anatafuta neno aliloambiwa atafute.

Karatasi yenyewe

Ukurasa mmoja wa A4 unamtosha mwanafunzi. Kurasa mbili zinakubalika kwa aliyesoma stashahada kabla ya shahada na kufanya atachimenti mbili au tatu, au kwa aliye na machapisho ya utafiti. Acha pambizo za sentimita 2 kila upande. Tumia fonti moja tu, Calibri ya 11 au Arial ya 10.5, jina lako 16 hadi 18, vichwa vya sehemu 12 kwa wino mzito. Maandishi yawe meusi. Mistari mitatu ikimwagikia ukurasa wa pili, kata maneno. Usishushe fonti chini ya 10, maana msomaji wa umri wa mzazi wako hatatafuta miwani kwa ajili yako.

Violezo vya rangi vyenye safu mbili ndivyo vinavyoponza wengi, hasa vile vya Canva vyenye picha ya duara na vistari vinavyoonyesha kwamba Kiingereza unakijua “asilimia 85”. Baadhi ya programu za kuchuja husoma mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo safu mbili huchanganywa: mwaka wako wa KCSE (mtihani wa kidato cha nne) hukaa katikati ya jina la mwajiri. Vijipicha vya simu na bahasha hugeuka alama zisizosomeka. Namba ya simu iliyowekwa kwenye kijuu cha ukurasa huweza kurukwa kabisa. Na hiyo asilimia 85 imepimwa na nani? Kazi za usanifu wa picha zina kanuni zao, na huko hasa watataka kuona sampuli za kazi zako. Kwingine kote, safu moja na maandishi ya kawaida.

Mpangilio wa sehemu hutegemea nguvu yako iko wapi. Kama umewahi kufanya kazi inayofanana na iliyotangazwa, tajriba ije kabla ya elimu. Kama nguvu yako ni kozi unayosoma, elimu itangulie.

Jina na mawasiliano

Usiandike “Wasifukazi” juu kwa herufi kubwa. Jina lako ndilo kichwa. Liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kuna tatizo la kawaida hapa: cheti cha KCSE kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na cheti cha chuo kimeyapanga kwa mfuatano tofauti. Amua mapema, fuata kitambulisho kila mahali, na kama tahajia zenyewe hazilingani, tafuta hati ya kiapo kutoka kwa wakili kabla hujaitwa kutia sahihi mkataba. Wakati huo utakuwa na siku mbili tu.

Chini ya jina weka mstari mmoja: namba ya simu, barua pepe, mtaa na mji. “Kahawa West, Nairobi” inatosha. Sanduku la posta la shule yako ya zamani halihitajiki. Barua pepe iwe na jina lako, si ile ya msanii unayempenda uliyofungua ukiwa kidato cha pili. Epuka pia kutegemea barua pepe ya chuo peke yake, kwa sababu baadhi ya vyuo huzifunga akaunti mwanafunzi akishahitimu.

Namba ya simu ina mambo yake ambayo hayaonekani kwenye karatasi. Ofisa wa ajira akikupigia atasikia wimbo wako wa Skiza kabla hajakusikia wewe. Akiihifadhi namba, ataona picha yako ya WhatsApp. Jitafute kwenye Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga, uone umeandikwa nani. Kuna watu wanaoitwa humo “Brayo Viatu Usipokee”. Rekebisha yote matatu siku hiyo hiyo unayoandika CV.

Usiweke namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila wala hali ya ndoa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi kama jinsia, dini, asili ya kikabila, ulemavu, ujauzito na hali ya ndoa, kwa hiyo humpunguzii chochote anachostahili kupewa. Fomu za Tume ya Utumishi wa Umma huuliza kabila na kaunti. Vijaze huko vinakoulizwa, visihamie kwenye wasifukazi. Picha nayo iache, isipokuwa tangazo liiombe.

Muhtasari wa mistari mitatu

Sehemu hii huandikwa mwisho japo hukaa juu. Inapaswa kusema wewe ni nani kimasomo, umefanya nini kinachohusu kazi hii, na unapatikana lini. Huu ni mfano mbovu unaozunguka Nairobi nzima: “Kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na uangalizi mdogo, anayetafuta fursa ya kukuza kipaji chake katika kampuni inayoheshimika.” Hakuna neno hata moja hapo linaloweza kuthibitishwa, na sentensi yenyewe inasema unachotaka wewe, si wanachotaka wao.

Linganisha na huu: “Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Shahada ya Biashara (Uhasibu), anayeendelea na CPA. Miezi 3 ya atachimenti katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu, akioanisha malipo ya M-Pesa na taarifa za benki kwenye Excel. Anapatikana kazi ya kutwa, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia Mei 2026.” Masharti manne ya lile tangazo la vifaa vya ujenzi yameshajibiwa, na msomaji hajafika nusu ya ukurasa.

Elimu

Anza na chuo cha sasa, ushuke. Kwa kila hatua: kozi, taasisi, mwezi na mwaka. Kwa masomo ambayo hayajaisha, andika “inatarajiwa Novemba 2026”, usiache tarehe ikining'inia.

Matokeo yawekwe kwa hesabu. Katika vyuo vingi vya Kenya, wastani wa 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini. Ukiwa na 60 au zaidi, liandike: “Daraja linalotarajiwa: la pili la juu (wastani wa 64)”. Ukiwa na 54, si lazima uiandike isipoombwa. Badala yake taja yuniti tatu au nne zinazohusu kazi, hasa ulizofanya vizuri. Kutotaja si uongo. Kubadilisha 54 ikawa 61 ni uongo, na transkripti itakuumbua.

KCSE ipewe mstari mmoja: shule, mwaka, gredi. Matangazo ya benki na ya kampuni za ukaguzi wa hesabu mara nyingi hutaja gredi ya KCSE, wakati mwingine na gredi za Hisabati na Kiingereza, kwa hiyo zitaje pale zinapoombwa. KCPE itoe kabisa. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na hakuna mwajiri anayehitaji kujua ulipata alama ngapi ukiwa darasa la nane.

Kwa CPA, stashahada au kozi fupi, sema umefika wapi hasa: umepita mitihani gani, unaendelea na ipi. “CPA” peke yake humfanya msomaji adhani umemaliza, na mahojiano huanza vibaya akigundua bado.

Tajriba: hapa ndipo CV hushinda au hushindwa

Kila kazi ipewe mstari wa kichwa (cheo, mahali, mwezi na mwaka) na chini yake mistari miwili hadi minne yenye nukta. Kila mstari uanze na kitenzi, utaje kitu, kiasi, na kama yapo, matokeo. Maneno “nilihusika na”, “nilisaidia katika” na “majukumu yangu yalikuwa” yafute popote unapoyaona, yanaficha ulichofanya.

Chukua mstari huu wa atachimenti: “Nilihusika na kazi za uhasibu na kazi nyingine nilizopewa.” Msomaji anaona mtu aliyetumwa chai. Sasa fungua logibuku uone ulifanya nini: “Nilioanisha takriban risiti 40 kwa siku na taarifa ya Till ya M-Pesa, na kumkabidhi mhasibu orodha ya tofauti kila Ijumaa.” Mtu yule yule, miezi ile ile.

Biashara ndogo ndiyo mgodi ambao wanafunzi hawauchimbi, pengine kwa aibu. “Niliuza viatu mtandaoni” haina uzito. Lakini iandike hivi: “Mmiliki, biashara ya viatu vya mitumba, Januari 2024 hadi sasa. Hununua jozi 15 hadi 20 Gikomba kila wiki mbili na kuziuza kwa Instagram na WhatsApp. Huweka rekodi za mtaji, mauzo na faida kwenye Google Sheets. Hupanga usafirishaji kwa bodaboda hadi kwa wateja wa Thika Road na katikati ya jiji.” Hapo pana ununuzi, uwekaji rekodi, huduma kwa mteja na usafirishaji. Kwa kazi ya mauzo, uanze na mteja. Kwa kazi ya hesabu, uanze na rekodi. Biashara ni moja, mstari wa kwanza ndio unaobadilika kulingana na tangazo.

Uwakilishi wa darasa nao: “Mwakilishi wa darasa la wanafunzi 86, Septemba 2023 hadi Aprili 2025. Niliratibu tarehe za majaribio (CAT) na wahadhiri 6 kila muhula, na kukusanya malalamiko ya alama zilizokosekana na kuyafikisha idarani.” Aliyewahi kufuatilia alama zilizopotea katika chuo cha umma anaweza kufuatilia wadeni.

Mahali ambapo kweli huna kiasi, eleza kifaa au utaratibu: aina ya mashine, programu, fomu uliyojaza. “Nilirekebisha kompyuta” ni hewa. “Nilibadilisha diski na kuweka upya mfumo wa Windows kwenye kompyuta za maabara” ni kitu.

Kosa linalofanana na hili kwa upande mwingine ni kukuza cheo. Kuuza duka la dada yako wikendi hakukufanyi “Meneja wa Uendeshaji”. Mwenye kampuni ndogo ya Nairobi anajua duka ni nini, naye atacheka kwanza kabla ya kuiweka karatasi kando.

Miezi iwepo kila mahali. Ukiandika “2024” tu, msomaji hajui kama ulikaa Januari hadi Desemba au wiki mbili. Mapengo hayahitaji maelezo kwa mwanafunzi, alikuwa darasani.

Ujuzi, uraibu, warejelewa

Ujuzi uandikwe kwa vitu vinavyoweza kujaribiwa. “Kompyuta” haisemi chochote. “Excel: jedwali egemeo, VLOOKUP, chati” inasema, na siku ya mahojiano huenda ukawekewa kompyuta mbele. Kwa lugha, taja kiwango cha matumizi: kuandika, kuzungumza, kutafsiri. Lugha ya mama itaje kama kazi inakwenda mashinani ambako inazungumzwa. Kwa kazi ya dawati Upper Hill haina kazi. Leseni ya udereva iandikwe pamoja na daraja lake.

Uraibu futa. Nafasi hiyo mpe mstari mmoja zaidi wa tajriba.

Warejelewa wawe wawili au watatu: mhadhiri anayekujua kwa jina, msimamizi wa atachimenti, na labda mtu uliyefanya naye kazi ya kujitolea. Ndugu hawahesabiki, hata kama mna majina tofauti. Waombe ruhusa kabla ya kuweka namba zao, si tu kwa adabu bali pia kwa sababu taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kisha, kila unapotuma maombi muhimu, mtumie kila mmoja wao ujumbe mfupi: umeomba kazi gani, wapi, na mambo mawili ambayo ungependa ayakumbuke. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 akipigiwa ghafla na kusema “huyo… nadhani alikuwa darasani kwangu” amekuangusha bila kukusudia.

Faili na ukaguzi

Hifadhi kwa PDF, isipokuwa tangazo liombe Word. Jina la faili liwe na jina lako na nafasi unayoomba, kwa mfano Wanjiru_Otieno_Msaidizi_wa_Hesabu.pdf. Faili linaloitwa “CV mpya final final 3” linaonyesha meza yako ilivyo. Lisizidi megabaiti 2.

Fanya majaribio matatu. Kwanza, fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili na ubandike kwenye faili la maandishi matupu. Mpangilio ukivurugika hapo, programu ya kuchuja nayo itaona vurugu hiyo. Pili, ifungue kwenye simu ya bei nafuu, kwa maana waajiri wengi husoma wakiwa kwenye gari au mkutanoni. Tatu, ichapishe kwa rangi nyeusi kwenye saiba (duka la intaneti) yoyote. Maandishi ya kijivu hafifu yaliyopendeza kwenye skrini hupotea kabisa. Ukiwa saiba, toka kwenye akaunti yako ya barua pepe na ufute faili kwenye kompyuta yao kabla ya kuinuka.

Kisha mpe mtu asome kwa sekunde 20, umpokonye, umuulize: ninaomba kazi gani, na kwa nini mimi? Asipoweza kujibu, tatizo liko kwenye theluthi ya juu ya ukurasa.

Kuhusu kughushi: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika taasisi za serikali ulifichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Waliokuwa navyo walikuwa wameshaajiriwa. Mwaka mmoja uliosukumwa mbele au gredi moja iliyopandishwa inaweza kukufuata miaka mingi baadaye.

Kutuma

Mada ya barua pepe iwe kama tangazo lilivyosema, pamoja na namba ya kumbukumbu kama ipo. Ndani andika mistari minne au mitano. Barua pepe tupu yenye kiambatisho ni kama kuingia ofisini kwa mtu bila kubisha hodi. Kamwe usitume kwa kampuni 20 kwa pamoja zikionana kwenye orodha ya wapokeaji. Wakitaka vyeti, viunganishe na CV kwenye PDF moja kwa mfuatano ule ule wa karatasi, vikiwa vimepigwa skani sawasawa na si picha ya kitandani yenye kivuli cha simu.

Bado kuna ofisi, hasa za kaunti na za mashirika ya umma, zinazotaka maombi ya mkono ndani ya bahasha ya kaki ya A4 yenye jina la nafasi juu. Peleka nakala. Cheti halisi cha KCSE kisitoke mikononi mwako.

Kwa atachimenti, ongeza barua ya utambulisho ya chuo na uthibitisho wa bima, na uandike tarehe kamili za kipindi chako, kama “4 Mei hadi 24 Julai 2026”. Anza kutuma miezi miwili au mitatu kabla; ukingoja mitihani iishe, nafasi za katikati ya jiji zitakuwa zimeshajaa.

Cheti cha tabia njema, cha KRA (mamlaka ya kodi), cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na vya aina hiyo: baadhi hugharimu pesa na baadhi huisha muda. Usivitafute kabla hujaambiwa vinahitajika. Na yeyote anayekuomba utume ada ya “usajili”, “mafunzo” au “vipimo vya daktari” kwa M-Pesa ili upate mahojiano anauza mahojiano yasiyokuwepo. Ndiyo sababu nyingine ya kutoweka namba ya kitambulisho kwenye karatasi inayosambaa: namba hiyo ikiambatana na simu yako ni mtaji wa tapeli.

Mwisho, fungua jedwali dogo kwenye simu lenye safu nne: tarehe, kampuni, nafasi, na jina la faili ulilotuma. Wiki sita baadaye simu italia ukiwa kwenye matatu ya Thika Road, muziki juu, na sauti iulize, “Uliomba nafasi kwetu, bado unaitaka?” Omba dakika kumi umpigie, shuka, fungua jedwali, soma ni CV ipi waliyo nayo mbele yao, ndipo upige.